Sakafu ya Mama Kule Mumosho

Mama yangu hakuwa na desturi ya kunipokea mlangoni. Alinizuia. Kila nilipotoka kazini na kupita kwake Kadutu, mjini Bukavu, nilimkuta amesimama kwenye kizingiti na beseni la maji na kipande cha sabuni, na kabla hata ya salamu alianza: "Viatu nje. Mikono hapa. Na ile harufu ya petroli, maman, ungeiachaka kulekule."

Nilikuwa nimezoea, hata lile neno maman, ambalo kwetu mama humwita binti kama binti anavyomwita mama. Nyumba yake ni ya mbao, imeegemea mlima kama nyumba zote za upande ule, na sakafu ni ya simenti, ameisugua mpaka mtu anaona haya kuikanyaga. Hata siku ambazo bomba limekauka na maji yanapandishwa kwa bidoni, madumu ya plastiki, kutoka chini, sakafu inapata maji yake kwanza, ndipo chungu kinafuata. Majirani walimtania kwamba nzi akitaka kuingia kwa huyu mama lazima abishe hodi. Wote walicheka, yeye hakucheka. Kwa habari ya uchafu mama yangu hakuwa na utani hata chembe.

Harufu ya petroli ilitoka kazini kwangu. Mimi kazi yangu ni wadudu, tena wale waliokufa zamani. Katika maabara yetu tunaletewa udongo wa mahali watu wa mashambani walipoishi: sakafu ya nyumba iliyoanguka, chini ya ghala, pembeni mwa zizi. Tunauloweka, tunauchuja, tunauchanganya na mafuta ya taa, ambayo hapa kwetu tunayaita petroli, halafu tunamimina maji. Udongo unazama chini. Vipande vya wadudu vinashikwa na mafuta, vinaelea juu, na mimi navikusanya kwa kitambaa na kuvitazama kwenye hadubini. Hapa kichwa, pale bawa gumu, pale mguu wenye miiba. Kila mdudu ana chakula chake na makao yake. Kidudu cha maharagi hakikai pasipo maharagi. Dundu wa mavi anakuambia palikuwa na ng'ombe. Chawa anakuambia watu walilala wamebanana. Babu zetu hawakuandika walikula nini wala walilalaje, lakini wadudu wao walibaki, na kwa kweli wadudu hawana sababu ya kumsifia mtu wala kumsingizia.

"Nilikusomesha mpaka université ili uhesabu biroboto?" mama aliniuliza mara ya kwanza nilipomweleza.

"Biroboto ya zamani, maman."

"Bya zamani! Bya sasa byote byimekwisha?"

Nilimpenda hivyo hivyo, na ukali wake.

Nilipopata mimba, baada ya miaka ya ndoa ambamo watu walikuwa wameanza kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso, nilikimbilia kwake kumpa habari. Kwetu, mwanamke akizaa mara ya kwanza, mama yake ndiye anayemwosha mtoto. Ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji wa mtama, na mara nyingi mzazi na mtoto wanahamia kwake mpaka kitovu kipone na zaidi. Mama alinikumbatia, akaimba kidogo, akacheza hata. Halafu akachukua brashi yake.

"Nitakupikia," alisema akiwa ameinama. "Nitafua nguo zote. Uji nitaleta kila asubuhi. Lakini mutoto mi siwezi mushika, na asilale kwangu. Utafuta maman mwingine wa kumuosha."

Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Kabla yangu kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, ambaye sikumwona. Alizaliwa kijijini kule Mumosho, katika nyumba ya udongo ambayo baba yangu aliijenga alipooa, na alikufa kwa homa kabla hajajifunza kukaa. Wakati wa kilio chake, yaani matanga, bibi yangu mzaa baba alisimama katikati ya chumba, mbele ya watu, akasema kwamba mtoto ameuawa na uchafu wa nyumba ile, kwamba mwanamke aliyeolewa pale hajui hata kufagia. Mama alinisimulia mara moja tu, nikiwa sekondari, akipiga pasi, bila kuinua macho. Hakurudia.

Nilipozaliwa mimi, mama alininyonyesha, akisha kunyonyesha ananirudisha kwa shangazi yangu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mgongoni mwa shangazi ndipo nilipokulia mpaka nilipoanza kukimbia mwenyewe. Silalamiki. Sijawahi kuvaa nguo chafu maishani mwangu, sijawahi kukosa chakula cha moto, na kila cheti nilichopata shuleni mama alikifuta vumbi kila wiki kikiwa ukutani. Mapenzi yake yalipitia kwenye maji na sabuni, na yalinifikia yote. Lakini mtoto wangu nilimtakia kitu ambacho mimi sikukipata. Nilitaka ashikwe na bibi yake.

Kumweleza mama kwa maneno kulikuwa kazi bure. Nilishamwambia mara nyingi kwamba homa ile huenda ilikuwa malaria, na mbu hachagui nyumba iliyofagiliwa na isiyofagiliwa. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio, akaendelea kusugua.

Ndipo baba mdogo aliponipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki Mumosho kutunza shamba baada ya wazazi wangu kuhamia mjini. Baba alifia hapa Bukavu, miaka mingi baadaye. "Ile nyumba yenu imeanguka upande moja," alisema. "Nataka nibomoe, nijenge ya matofali. Kama muko na kitu mule ndani, mukuje mutoshe."

"Nataka sakafu, baba mudogo."

"Sakafu gani? Si ni budongo?"

"Njo ile nataka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Batu ba université!"

Nilienda siku ya mapumziko, kwa taksi iliyotupitisha mtaa wa Panzi na kuteremka kwenye barabara ya udongo mwekundu, mume wangu akinishikilia kwa kila shimo kama nimebeba mayai. Mama sikumwambia. Kule nilikuta nusu ya bati imelala chini na nusu bado imesimama, na kwa bahati nzuri upande uliosimama ndio ule niliouhitaji. Mbuzi walikuwa wakilazwa mle ndani kwa miaka. Baba mdogo aliingia, akasimama, akawaza, akaonyesha kwa mguu: "Kitanda yao ilikuwa hapa. Jiko pale. Ngombe alilala ule upande." Kwetu zamani ng'ombe alilala ndani na watu, na asubuhi mwenye nyumba alichukua mavi yake mabichi, akayachanganya na udongo na majivu, akasiriba sakafu kwa mkono, akirudi nyuma nyuma mpaka mlangoni. Kila akisiriba, utando mwembamba mpya unafunika ule wa zamani pamoja na chochote kilichokuwa juu yake.

Nilipiga magoti, tumbo na yote, nikakata kwa kisu kipande kikubwa kama mkate. Ubavuni tando zilionekana moja juu ya nyingine, kama chapati zilizopangwa. Baba mdogo hakucheka tena. Alikaa akiangalia, kisha akasema, "Sasa hii yote ni mikono ya mama yako," na nikamshukuru kwa kusema hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja kutafuta wadudu na nilikuwa nimesahau kidogo mikono.

Kazini niliomba ruhusa ya kukifanyia kazi kipande changu baada ya kumaliza vya wengine. Nilianza juu. Huko kulikuwa na mbuzi watupu: chawa wao, viroboto vyao, kila takataka ya zizi. Nilishuka chini ya hapo na kufika miaka ya mama, na nilitabasamu peke yangu. Tando nyembamba, safi, zenye majivu, moja baada ya nyingine, na ndani yake karibu hamna kitu. Miguu ya dundu, ambao waliletwa na mavi yenyewe. Sisimizi wawili watatu. Nilitaka kumpigia simu palepale.

Halafu nikafika kwenye mstari mweusi.

Ulikuwa mnene kama ukucha, umekaa kati ya tando safi za juu na zile za chini ambazo sikuwa nimezigusa. Nilipouosha, kitambaa changu kilijaa. Vichwa vya viroboto. Chawa. Maganda matupu ambamo nzi hukulia. Vipande vya majani makavu, mbegu za nyasi, na, jambo ambalo sikulielewa, vidudu vya maharagi na vya mtama, vingi, pale pale palipokuwa na kitanda, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayeweka akiba ya chakula.

Nilikaa nikitazama. Kila kitu kilisema jambo lile lile bibi alilosema. Palikuwa na wakati nyumba ile ilikuwa chafu kweli, chafu ya kutisha, halafu ghafla mwenye nyumba akaanza kusafisha kama mtu aliyeshtuliwa. Na ni nini kilichomshtua mama yangu zaidi ya kaburi la mtoto? Niliona kila kitu kimepangana, na kiliponiumiza ndipo nilipozidi kukiamini. Nilifunika kipande kwa karatasi ya aluminiamu, nikakisukuma nyuma kabisa ya kabati. Zile tando za chini nilizihofu. Nilijiambia kwamba nikijifungua nitamtafutia mtoto mama mwingine wa kumwosha, kama nilivyoambiwa, na mambo yataisha.

Wiki zile nilimpelekea mama matunda na maneno ya kuchekesha, nikaosha mikono kwenye beseni lake bila kubisha. Alinishuku. "Leo haubishi. Uko mugonjwa?"

Basi, mzee mmoja wa mtaa wetu akafariki, na mimi nikaenda kwenye kilio kama watu wote. Kwa sababu ya tumbo langu walinipa kiti ndani, chumbani, karibu na mlango. Wanawake walikuwa wamelala na kukaa chini kwenye mikeka, wamebanana, wengine wametoka mbali na mizigo yao. Kila anayeingia alileta kitu: beseni la maharagi, unga, mtama wa uji. Walivisukumia ukutani, chini ya kitanda cha marehemu, popote penye nafasi. Sakafu ilikuwa imejaa makapi na mabaki ya chakula, na nzi walikuwa na sikukuu yao. Mwanamke mmoja kijana, mgeni wa mambo yetu, akaona haya kwa niaba ya wenye nyumba. Akainuka, akachukua fagio.

"Weka!" Shangazi wa marehemu alimkemea kutoka pembeni. "Weka ile fagio! Kilio haiyaisha. Hatufagiaka mbele ya kuondoa kilio. Unataka kumufukuza na takataka?"

Yule kijana aliliacha fagio kama limemchoma. Mimi nilibaki nimekodoa macho kwenye beseni la maharagi lililokuwa karibu na mguu wangu. Kidudu kimoja cha kijivu kilikuwa kimepanda ukingoni, kikaanguka chini, kikaanza kutembea kwenye simenti kuelekea kitandani.

Desturi ile ya kutofagia mpaka matanga yaishe niliijua tangu utoto. Nimehudhuria vilio vingi kuliko harusi. Lakini niliiacha mlangoni mwa maabara pamoja na viatu vyangu, na haikunijia hata siku moja nikiwa nimeinamia ule mstari mweusi. Niliinuka kwa haraka mpaka wanawake wawili wakanidaka mabega wakidhani uchungu umeanza. Niliwaambia hapana, si uchungu, nimekumbuka kitu kazini. Waliniangalia kwa huruma kubwa.

Kesho yake asubuhi nilikitoa kipande kabatini na kushuka chini ya mstari. Katika nyumba ile alikufa mtu mmoja tu mama akiwa anaishi humo: yule mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa kilio chake: watu waliolala chini juu ya nyasi kavu, chawa na viroboto vya wageni, maharagi na mtama walivyoleta wakaviweka popote. Ulikuwa umewekwa baada ya mtoto kufa. Maisha yake yote, siku zake chache, yalikuwa chini ya mstari ule. Niliosha utando wa kwanza, nikatazama. Niliosha wa pili. Kwa haraka nilimwaga petroli mezani. Majivu. Udongo mzuri uliochekechwa. Miguu ya dundu. Kichwa cha kiroboto kimoja, na hicho nakitaja kwa sababu naupenda ukweli. Nilishuka mpaka kwenye udongo mtupu wa mlima, mpaka siku baba alipomleta bibi harusi wake, na kote kulikuwa safi.

Ilikuwa safi kuliko sakafu nyingi nilizowahi kuosha, za watu wa makabila na madaraja yote. Nililia pale kwenye kiti, na mwenzangu wa meza ya pili akaniletea chai bila kuuliza.

Jioni nilienda Kadutu na kipande kilichobaki, ile nusu ambayo sikuiosha.

"Ni nini ile?"

"Budongo, maman."

"Budongo? Mu nyumba yangu?" Alijaza mlango kwa mwili wake mdogo. Nilikuwa nimejiandaa, nilitoa kitenge safi, nikakitandika kwenye kizingiti, nusu nje nusu ndani, nikaweka kipande juu yake, tukakaa kila mtu upande wake. Nilimwambia kimetoka wapi. Alikunja mikono yake kifuani.

Nilimwonyesha kwa ncha ya sindano. Hapa ni mbuzi wa baba mdogo. Hapa ni wewe baadaye. Na huu mstari mweusi.

Aliuangalia. Nilitaka kumweleza lakini uso wake ulinizuia. "Ile ni kilio," alisema polepole. "Tulikaa bila kufagia. Batu balikuwa wengi. Balilala juu ya majani tu."

"Bibi alisema yale maneno wakati gani, maman? Siku ya kuzika?"

"Hapana. Alikuwa Kamanyola kwa dada yake. Habari ilimufikia nyuma, tukishazika. Aliingia kilio ikiwa katikati, akaangalia chini..." Aliangalia mstari, akaniangalia mimi.

Bibi aliona nilichokiona mimi, na akakisoma nilivyokisoma. Aliijua desturi kuliko mimi, lakini alikuwa ametoka safari na mjukuu wake yuko ardhini, na uchungu haukumpa nafasi ya kukumbuka. Siwezi kumhukumu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nina hadubini, na nilikosea vilevile.

"Mutoto alikuwa hapa chini, maman," nilisema, nikaweka kidole. "Kabla ya kilio. Nimeosha yote. Ilikuwa safi. Homa yake sijui ilitoka wapi, udongo hauwezi kuniambia. Lakini nyumba yako ilikuwa safi."

Nilichukua kisu, nikakipenyeza chini ya mstari, na ule mstari ukabanduka kama ganda. Utando wa chini ukabaki wazi, na juu yake kulikuwa na alama za vidole, mikunjo minne ya nusu mduara, jinsi mkono unavyopita ukisiriba. Ulikuwa utando wa mwisho ambao mama aliusiriba wakati mtoto yuko hai. Mama alisogea. Alifungua mkono wake wa kulia, ule uliopasuka kwa sabuni, akaweka vidole kwenye zile alama, na vilikaa.

"Nilikuwa nafagia," alisema. Halafu tena, kwa sauti ya mtu anayempasha habari mwenzake: "Maman, mi nilikuwa nafagia."

"Ndiyo, maman."

Alilia kwa muda mrefu, na mimi nilimshika pale mlangoni na mikono yangu ambayo sikuwa nimeiosha. Hakunizuia.

Mwanangu alizaliwa mvua zilipoanza, msichana, mwenye hasira. Nilipotoka hospitalini nilimwambia dereva atupeleke Kadutu, bila kumuuliza mtu. Mama alinipokea, akanikanda, akanipa uji, lakini kwa mtoto alisimama hatua moja nyuma, mikono imeunganishwa, akimsifia kwa mbali. Nilimlaza mtoto kitandani kwa mama nikaenda kuoga uani.

Nikiwa naoga nilimsikia mtoto analia. Nilisikia pia fagio, maana mama alikuwa anafagia sebule, kisha sikusikia tena fagio. Nilijifunga kitenge nikaja mbio huku maji yananitiririka, nikaacha alama za miguu kwenye simenti yote. Fagio lilikuwa limetupwa katikati ya sebule, na takataka zimekusanywa nusu. Beseni lilikuwa mlangoni, maji yake yametulia, na sabuni imekauka. Mama alikuwa amekaa kitandani na mjukuu wake kifuani, mikono ina vumbi mpaka kwenye viwiko, na alama ya vidole vyake vinne ilikuwa imebaki juu ya kile kitambaa cheupe cha mtoto.

"Nyamaza, mama," alikuwa anamwambia. "Niko nakushika. Niko nakushika."